Matokeo ya KQ yasisomwe kwa mstari wa mwisho pekee

Kwa Mhariri,

Kila Kenya Airways (KQ) inapotangaza matokeo yake ya kifedha, mjadala hapa jijini huwa umekwisha kabla ya saa sita mchana. Watu husoma mstari wa mwisho tu. Ukionyesha faida, shirika limefufuka. Ukionyesha hasara, waliomo wote ni wezi na liuzwe kesho. Machi 2025 tulishangilia faida ya Sh5.4 bilioni ya mwaka wa 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Agosti zikaja hesabu za nusu ya kwanza ya 2025: hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni. Waliopiga makofi ndio waliotangulia kuzomea. Ukweli ni kwamba faida ile haikuwa nono kama ilivyosifiwa, na hasara hii haikutokana na mambo yaliyotajwa zaidi kwenye vipindi vya redio.

Ombi langu ni moja. Kabla Hazina ya Kitaifa haijatoa shilingi nyingine kwa KQ, na kabla haijamkaribisha mwekezaji yeyote, umma uonyeshwe hesabu zikiwa zimetenganishwa: kinachopatikana au kupotea kwa kurusha ndege, kinacholiwa na deni na dola, na kinachopotea kwa sababu ya ndege zilizosimama. Haya matatu yana tiba tofauti, na yakikorogwa pamoja kila mtu hutoa dawa aipendayo yeye.

Tuanze na ushindi wa 2024. Mwaka wa 2023 KQ ilipata faida ya uendeshaji ya Sh10.5 bilioni. Hizo ni pesa zinazobaki baada ya mafuta, mishahara, ada za viwanja, ukarabati na uchakavu wa ndege, ila kabla ya riba na kabla ya tofauti za thamani ya dola. Mwaka huohuo ulifungwa kwa hasara ya Sh22.7 bilioni. Mwaka uliofuata faida ya uendeshaji ilipanda hadi Sh16.6 bilioni, na mstari wa mwisho ukawa faida ya Sh5.4 bilioni. Chukua kalamu upige hesabu. Uendeshaji uliimarika kwa Sh6.1 bilioni. Mstari wa mwisho uliimarika kwa Sh28.1 bilioni. Zile Sh22 bilioni za katikati hazikuletwa na abiria, wala mizigo, wala menejimenti. Zilitoka chini ya mstari wa uendeshaji, na sehemu kubwa ni shilingi kupata nguvu.

Hili linahitaji kuelezwa polepole kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Madeni ya KQ kwa kiasi kikubwa ni ya dola, ilhali hesabu zake huandikwa kwa shilingi. Chukua deni la dola milioni 100 tu. Mwisho wa 2022 dola ilikuwa kama Sh123, kwa hiyo deni liliandikwa Sh12.3 bilioni. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa karibu Sh156, na deni lilelile, bila kukopa hata senti zaidi, likawa Sh15.6 bilioni. Ongezeko la Sh3.3 bilioni huingia kwenye hesabu kama hasara. Mwisho wa 2024 dola ikashuka hadi Sh129, deni likaandikwa Sh12.9 bilioni, na Sh2.7 bilioni zikarudi zikiitwa faida. Hakuna aliyepanda ndege. Hakuna pesa iliyoingia benki. Mhasibu amebadilisha kiwango, basi. Zidisha mfano huu kwa ukubwa halisi wa madeni ya shirika utaona ni kwa nini mwaka mmoja KQ ilionekana maiti na mwaka uliofuata ikaonekana inacheza.

Hata faida ya uendeshaji isitulevye. Tangu 2019, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayoitwa IFRS 16 inataka ndege za kukodi ziandikwe kwenye mizania kama mali upande mmoja na deni upande wa pili. Kodi ya ndege, ambayo zamani ilionekana yote kama gharama ya kawaida ya kila mwezi, sasa hugawanywa: sehemu huitwa uchakavu na hukaa juu ya mstari wa uendeshaji, sehemu huitwa riba na huteremshwa chini yake. Kwa hiyo anayesema “KQ kwa uendeshaji inapata faida, shida ni madeni tu” anasahau kwamba sehemu ya hayo “madeni” ni kodi ya ndege zilezile zinazomletea hiyo faida. Ndege ya kukodi huwezi kuirusha halafu ukasema kodi yake haihusiani na urushaji. Mtu anayetaka kujua kama biashara inajilipa achukue faida ya uendeshaji, atoe riba ya ukodishaji, kisha atazame kilichobaki. Takwimu hiyo huwa imezikwa ndani ya maelezo ya mwisho ya hesabu za mwaka, na ndiyo ingefaa kuwekwa ukurasa wa kwanza.

Chanzo cha pili, kilichoivunja nusu ya kwanza ya 2025, ni ndege zilizosimama. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za umma zingeweza kufanya kazi.

KQ ina Boeing 787-8 tisa. Kila moja ina viti 234, yaani 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Ndizo zinazokwenda London, Paris, Amsterdam, Guangzhou na New York. Katika miezi hiyo sita tatu kati yake zilisimama kwa kukosa injini na vipuri: theluthi moja ya ndege kubwa za shirika. Mapato yakashuka kwa asilimia 19, kutoka takriban Sh91 bilioni hadi Sh74 bilioni hivi. Abiria wakapungua kwa asilimia 14. Uendeshaji, uliokuwa na faida ya Sh1.3 bilioni katika kipindi kama hicho cha 2024, ukaingia kwenye hasara ya Sh6.2 bilioni.

Linganisha hizo takwimu mbili. Mapato yalipungua kwa takriban Sh17 bilioni. Matokeo ya uendeshaji yakazorota kwa Sh7.5 bilioni. Maana yake, katika kila Sh100 ya mapato iliyopotea, gharama zilizopungua nayo ni kama Sh55. Zile Sh45 ziliendelea kulipwa ndege ikiwa imeegeshwa uwanjani Embakasi. Mwenye matatu aliyokopea kwenye Sacco anaijua hali hii bila kufundishwa: gari likilala gereji, dizeli hainunuliwi, lakini marejesho ya mkopo na bima hayalali.

Kwenye ndege orodha hiyo ni ndefu zaidi. Kodi ya 787 ni laki kadhaa za dola kwa mwezi, na mwenye ndege haulizi kama imeruka. Bima inaendelea. Marubani wake wanalipwa, na kila mmoja lazima awe ametua na kuruka angalau mara tatu ndani ya siku 90 ndipo aruhusiwe kubeba abiria, pamoja na kupimwa kwenye kiigaji, mashine inayoiga ndege, kila baada ya miezi sita. Ndege zikipungua, kuwazungusha wote watimize hayo kunakuwa kazi ya ziada. Ndege yenyewe hairuhusiwi kuachwa tu kama gari bovu. Midomo ya injini hufunikwa, magurudumu huzungushwa, umeme na mifumo ya majimaji huwashwa kwa ratiba, na kila ukaguzi huandikwa. Usipofanya hivyo, siku ya kuirudisha kazini utalipa zaidi.

Kwa nini injini ikosekane? 787 za KQ hutumia injini za GEnx-1B za General Electric. Ukarabati mkubwa wa injini hiyo haufanyiki Nairobi. Hung'olewa bawani, hufungwa kwenye fremu yake na kusafirishwa hadi karakana maalumu ng'ambo. Ndani yake mna sehemu zenye ukomo wa mizunguko, kama vile diski na shafti. Mruko mmoja na mtuo mmoja ni mzunguko mmoja. Ukomo ukifika, sehemu hiyo hutolewa hata kama haina ufa wowote, na hakuna mhandisi wala waziri anayeweza kuiongezea siku. Mbali na ukomo huo kuna joto. Uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya hapo ni nyepesi, na ndege nzito iendayo New York ikiwa na mafuta ya saa kama 15 huilazimu injini kufanya kazi kwa joto kali zaidi wakati wa kuruka kuliko ingekuwa Mombasa. Injini inayopashwa hivyo kila usiku hurudi karakana mapema.

Tangu UVIKO-19 karakana hizo zina foleni. Viwanda vinavyofua na kusubu vyuma vya injini havijarudia kasi ya zamani, na dunia nzima inagombania vipuri vilevile. Kwenye foleni hiyo anayetangulia ni mwenye mkataba wa muda mrefu na anayelipa mbele. Shirika lenye mizania mbovu huambiwa lilipe kwanza. Likikosa, injini hukaa kwenye fremu bila kuguswa, na nafasi hupewa mwingine. Kukodi injini ya akiba nako hugharimu, na zenyewe zimeadimika kwa sababu kila shirika linazitafuta.

Ndipo huanza ile tabia ambayo mafundi huichukia na wasimamizi huipenda: kung'oa kipuri kwenye ndege iliyosimama kukipeleka kwenye inayoruka. Kwa siku hiyo safari haifutwi, na kwenye ripoti kila kitu ni sawa. Lakini kazi iliyokuwa ya mara moja sasa ni ya mara nne: kutoa kibovu huku, kutoa kizima kule, kukifunga huku, na baadaye kufunga kingine kule. Kila mara nyaya na viungio hushikwa na huweza kuharibika. Baada ya miezi michache ndege iliyosimama kwa kukosa injini peke yake inakuwa imekosa vitu kumi na viwili, na hata injini ikifika haiondoki.

Kwa hiyo bilioni moja ya umma inayonunua nafasi ya karakana, injini ya akiba, au kulipia mkataba wa matengenezo unaotozwa kwa saa za injini angani hurudisha ndege kazini, na ndege hiyo huleta mapato. Bilioni ileile ikipelekwa kulipa deni la zamani haiongezi hata kiti kimoja sokoni. Najua madeni lazima yalipwe. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini Bunge linapopitisha pesa “za kuokoa KQ” bila kuuliza zinakwenda upande upi, mwaka unaofuata litaombwa tena, na litashangaa.

Kosa jingine ni kulinganisha nusu ya kwanza na mwaka mzima. Biashara ya KQ ni ya misimu. Katika faida ya uendeshaji ya Sh16.6 bilioni ya 2024, Sh1.3 bilioni tu ndizo zilizopatikana kati ya Januari na Juni. Zilizobaki zililetwa na Julai na Agosti, watalii wa Mara na likizo za Ulaya, kisha Desemba. Mwandishi anayeweka “faida ya 5.4” kando ya “hasara ya 12” bila kusema moja ni ya mwaka na nyingine ni ya miezi sita minyonge anampotosha msomaji, ingawa takwimu zake zote ni sahihi. Nusu ya kwanza ilinganishwe na nusu ya kwanza, na hata hivyo hali ya 2025 ilikuwa mbaya vya kutosha bila kutiwa chumvi.

Na deni lenyewe? Halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka wa 2012 KQ ilizindua mpango wa miaka kumi ulioitwa Mawingu, wa kuongeza ndege hadi zaidi ya 100 na vituo hadi 115. Mwaka huohuo ilikwenda Soko la Hisa la Nairobi kuwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza ikitaka Sh20.7 bilioni, ikaondoka na Sh14.5 bilioni. Soko lilikuwa limesema jambo hapo. Ndege zikaagizwa hata hivyo, na pengo likajazwa kwa mikopo. Kisha zikafika wakati usiofaa kabisa: moto ulioteketeza ukumbi wa abiria wa JKIA Agosti 2013, shambulio la Westgate mwezi uliofuata, maonyo ya usafiri kutoka nchi za Magharibi, na Ebola ya 2014 iliyofunga safari za Freetown na Monrovia. Hasara ikawa Sh25.7 bilioni katika mwaka uliofungwa Machi 2015 na Sh26.2 bilioni uliofuata. Boeing 777 zikauzwa au kukodishwa. Tatu za 777-300ER zilikwenda Turkish Airlines, na 787 mbili zikaenda Oman Air. Anayekodisha ndege kwa haraka ili apumue hachagui bei.

Novemba 2017 madeni yakapangwa upya. Benki za humu nchini ziligeuza mikopo yao kuwa hisa na kupata asilimia 38.1, Serikali ikawa na asilimia 48.9, shirika la ndege la Uholanzi, KLM, likashuka hadi asilimia 7.8. Wafanyakazi walibaki na asilimia 2.4, na wanahisa wengine wote, wakiwamo maelfu ya Wakenya walionunua hisa tangu shirika liuzwe kwa umma mwaka wa 1996, wakagawana asilimia 2.8. Serikali ikatoa dhamana ya dola milioni 750: 525 kwa deni la Benki ya Exim ya Marekani na 225 kwa benki za hapa. Kwa kiwango cha Sh129 dhamana hiyo ni karibu Sh97 bilioni. Dhamana huonekana kama karatasi mpaka siku mkopaji anaposhindwa, na UVIKO-19 iliileta siku hiyo. Serikali ikabeba deni la Exim. Tangu hapo mlipa ushuru si mwanahisa tu. Ni mkopeshaji pia, na kwa masharti ambayo hajaonyeshwa kikamilifu.

Pembeni kuna visingizio viwili vinavyopenda kurudi. Cha kwanza ni marubani. Mgomo wa Novemba 2022 ulikuwa na madhara, na shirika lenyewe lilikadiria hasara ya Sh300 milioni kwa siku. Hata ukihesabu siku tano kamili hiyo ni Sh1.5 bilioni. Hasara ya mwaka huo ilikuwa Sh38.3 bilioni. Mgomo ulichangia chini ya asilimia nne. Cha pili ni mafuta. Ni kweli mafuta ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na shirika la kimataifa la usafiri wa ndege, IATA, husema barani Afrika bei yake iko juu ya wastani wa dunia kwa takriban asilimia 17. Ila KQ iliwahi kuumizwa na dawa ya mafuta kuliko mafuta yenyewe. Mwaka wa 2008 pipa lilifika dola 147 Julai; waliofunga bei kwa mikataba ya mbele, yaani kukubaliana leo bei ya mafuta ya kesho, wakaonekana werevu. Desemba likawa chini ya dola 40, na mikataba ikabaki palepale juu. Mwaka huo wa fedha KQ ilipata hasara ya Sh4 bilioni, na mikataba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kuu. Kufunga bei ni bima, na bima hii hununuliwa kwa ajili ya sehemu tu ya mafuta, kwa muda mfupi mfupi, kwa ngazi. Anayefunga bei ya mafuta mengi kwa pamoja kwa sababu anahofia bei kupanda anacheza kamari.

Ethiopia nitaipita haraka, maana kila mjadala wa KQ huishia Addis Ababa na kuganda huko. Ethiopian Airlines ni ya serikali kwa asilimia mia moja na hupata faida, kwa hiyo hoja ya kwamba serikali kumiliki ndege ni ugonjwa haisimami. Wao wana mizigo, karakana, chuo cha mafunzo na, tangu 2017, hata viwanja vya ndege ndani ya kundi moja, na wana zaidi ya ndege 140 za kugawana gharama za ofisi. Hayo hayajengwi kwa tangazo la baraza la mawaziri.

Majirani wengine wanatufundisha zaidi. Air Tanzania hukodi ndege kutoka wakala wa serikali unaozimiliki, na bado Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo aliripoti hasara ya Sh91.8 bilioni za Tanzania kwa mwaka wa 2023/24, kutoka Sh56.6 bilioni mwaka uliotangulia. Airbus A220 zake zilisimama kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney; yaleyale. Uganda Airlines, iliyorudi angani 2019, ilipata hasara ya Sh237.8 bilioni za Uganda mwaka huo wa 2023/24. Huko kote ndege zililipiwa na serikali, bila mzigo wa Exim, na hasara ikaja vilevile. Anayeamini kwamba KQ ikifutiwa madeni yote kesho itaanza kugawa faida na atazame ng'ambo ya mipaka ya Namanga na Busia. IATA hukadiria kwamba mashirika ya Afrika kwa jumla hubakiwa na faida ya kama dola moja kwa kila abiria, wakati wastani wa dunia ni dola saba hivi. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. KQ kwa abiria milioni 5.2 wa 2024 ilipata kama Sh1,000 kwa kila mmoja, karibu dola nane, na tumeshaona zilitoka wapi.

Sasa kuhusu yanayopendekezwa. Wapo wanaotaka mikopo ya Serikali igeuzwe kuwa hisa ili mizania, yenye pengo la zaidi ya Sh100 bilioni kati ya madeni na mali, isafishwe. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini Serikali ina asilimia 48.9, ikiongeza kidogo inavuka nusu, na KQ inakuwa shirika la umma kamili, chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Ndege iliyokwama Kinshasa usiku kwa kukosa pampu haiwezi kungoja zabuni itangazwe, ifunguliwe, na mshindani aliyeshindwa akate rufaa. Sheria hiyo itabidi iwe na mlango maalumu wa vipuri vya dharura, ulioandikwa kabla ya kugeuza hisa. Wanaotaka mwekezaji wa kigeni achukue sehemu kubwa nao wakumbuke kwamba mikataba ya safari kati ya Kenya na nchi nyingi hudai shirika limilikiwe kwa kiasi kikubwa na kudhibitiwa na Wakenya. Ukiuza kupita kiasi unaweza kumuuzia mtu shirika lisilo na haki ya kutua kule alikotaka kwenda. Hisa za KQ zilisimamishwa sokoni Julai 2020, zikarudi Januari 2025. Mwenye hisa chache anastahili kuambiwa haya kabla ya tangazo, kwa lugha anayoielewa.

Ninachoomba kichapishwe kila robo ya mwaka kinatosha ukurasa mmoja. Idadi ya ndege za kila aina, ngapi zimeruka na ngapi zimesimama, kwa siku ngapi na kwa sababu gani. Wastani wa saa ambazo kila aina ilikaa angani kwa siku. 787 inayofanya kazi vizuri hupita saa 12, na ikishuka hadi saba au nane utajua miezi mitatu kabla ya hasara kutangazwa. Mapato na gharama kwa kila kiti kwa kila kilomita, gharama zikionyeshwa pamoja na mafuta na bila mafuta. Faida ya uendeshaji baada ya kutoa riba ya ukodishaji. Faida au hasara ya dola ikiwa safu yake peke yake, isiyojumlishwa na kitu. Madeni kwa kila mkopeshaji, kwa sarafu yake, na tarehe za kulipa, Hazina ikiwamo. Pesa za tiketi zilizozuiliwa katika nchi zisizo na dola. Katikati ya 2023 Nigeria peke yake ilikuwa imeyazuilia mashirika ya ndege ya kigeni zaidi ya dola milioni 800, na mauzo yaliyokwama huko huhesabiwa kama mapato ingawa hayawezi kununua hata tairi.

Na kuna safu moja ambayo sijawahi kusikia mbunge akiiulizia: tiketi zilizouzwa ambazo safari zake bado. Abiria anayelipa leo kwa ajili ya Desemba amelikopesha shirika. Pesa hizo huingia benki mara moja lakini si mapato mpaka aruke. Kwenye mizania ni deni. Shirika lililobanwa hujikuta likilipia mafuta ya mwezi huu kwa tiketi za Krismasi, na hilo huwezekana muda wote mauzo yanapopanda. Mauzo yakishuka, kwa ndege kupungua au kwa hofu tu, pesa ya Krismasi inakuwa imeshachomwa, safari bado inadaiwa, na kampuni zinazoshughulikia malipo ya kadi huanza kuzuilia sehemu ya makusanyo ili zisije zikadaiwa marejesho. Mashirika mengi ya ndege duniani yalianguka kwa mlango huo yakiwa bado na abiria kwenye foleni. Safu hiyo iwekwe kando ya salio la benki, robo kwa robo, na Kamati ya Bunge ipewe siku ileile inayopewa Hazina.

Msomaji wenu,
Embakasi, Nairobi